Pipa, Mkono na Maji: Muundo wa Mashine za Awali za Kufulia na Somo Lake kwa Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya muundo wa mashine za kufulia zilizoendeshwa kwa mkono, tangu hataza ya John Tyzacke ya mwaka 1691 nchini Uingereza hadi mashine za mbao zilizouzwa Marekani katika miaka ya 1870. Historia hiyo inasomwa kutoka Kafutuma, katika mwambao wa Nchelenge kwenye Ziwa Mweru, Zambia. Hoja kuu ni kwamba wabunifu wa mashine hizi walishughulikia sehemu moja tu ya kazi ya kufua, yaani kusugua na kupiga nguo, na wakachukulia kwamba maji yamekwisha kufika nyumbani na kupashwa moto. Mwambaoni mwa Mweru hali ni kinyume: nguo ndizo zinazofuata maji, na hatari kubwa ya kazi hiyo imo katika kusimama ziwani. Makala yanahitimisha kwamba thamani ya mashine ya mkono kwa mwambao huu haitatokana na kupunguza msuguano, bali na uwezo wake wa kumtoa mfuaji majini.

1.0 Utangulizi

Ziwa Mweru lina eneo la takribani kilomita za mraba 5,100, nalo limo katika mwinuko wa zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huingia upande wa kusini kupitia mabwawa mapana, na mto Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto kuelekea bonde la Kongo. Mpaka uliowekwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ulipita katikati ya maji haya, ukawaacha watu wa ukoo mmoja wakitazamana kutoka pande mbili. Kafutuma ni mojawapo ya makazi ya upande wa mashariki, katika wilaya ya Nchelenge. Kibemba ndicho lugha kuu ya mawasiliano hapa, lakini Kiswahili hakijawa kigeni: kimekuwa kikivuka ziwa pamoja na samaki, nguo na watu tangu misafara ya karne ya 19.

Wanahistoria walioandika kuhusu teknolojia katika bara letu wamezipa nafasi kubwa bunduki, reli, meli na migodi. Vyombo vya nyumbani vimepata nafasi ndogo, na kazi ya kufua nguo imepata ndogo zaidi, ingawa hurudiwa kila wiki katika kila kaya. Makala haya yanaanza na swali ambalo kwa sura ni dogo. Mashine ya kufulia ya mkono ilikuwa pipa la mbao lenye mpini. Haikuhitaji umeme, haikuhitaji mafuta, na seremala yeyote mwenye ujuzi angeweza kuiunda. Kwa nini basi chombo chepesi namna hii hakikuwa sehemu ya maisha ya mwambao ambako mbao zipo, mafundi wa mitumbwi wapo na maji yapo tele?

Jibu la haraka ni umaskini. Tunadai kwamba jibu hilo halitoshi. Tukiusoma muundo wa mashine hizi kama tunavyosoma matini, kwa kuuliza unasema nini na unanyamazia nini, tutaona kwamba chombo kilibuniwa kwa ajili ya nyumba ya aina fulani, iliyo mbali na maji na karibu na jiko. Sehemu ya pili ya makala inaeleza kazi ya kufua na maneno yake katika eneo letu. Ya tatu inaeleza miundo yenyewe. Ya nne inapima kile ambacho miundo hiyo iliacha nje, na ya tano inarudi Kafutuma.

2.0 Nguo, maneno na maji

Kitenzi kufua kinastahili kutazamwa kwanza. Mswahili hufua nguo, na mhunzi hufua chuma. Mkulima wa pwani hufua nazi kwa kuitenga na kumbi lake. Katika siku zetu tunasema pia kufua umeme. Kinachounganisha kufua nguo na kufua chuma ni pigo: kitu kigumu hupigwa juu ya kitu kigumu kingine hadi kibadilike. Lugha imehifadhi picha ya kazi ilivyokuwa kabla ya mashine, yaani nguo iliyolowa ikipigwa juu ya jiwe. Jirani zetu wanatoa ushahidi unaofanana. Kwa Kinyanja, kuchapa ndilo neno la kufua nguo, neno ambalo kwa Mswahili lina maana ya kupiga. Katika Kiswahili cha Katanga, ng'ambo ya ziwa, watu husema kufula. Kibemba cha leo kimekopa kutoka Kiingereza na kusema ukuwasha, huku ukusamba likibaki kwa mwili na mikono. Sabuni ni neno la Kiarabu, na dobi limetoka India. Katika kamusi ndogo ya kazi moja tunaona njia za biashara za Bahari ya Hindi na za ukoloni zikikutana.

Maneno hayo yaliingia pamoja na vitu. Katika maeneo mengi ya bara la kati, nguo za magome ya miti zilivaliwa kabla ya pamba kuenea. Nguo ya gome hutengenezwa kwa kupigwa kwa nyundo ya mti, lakini haistahimili kufuliwa mara kwa mara kama pamba. Kufua, kama kazi ya kila wiki, kulikua pamoja na vitambaa vya kusokotwa. Vitambaa hivyo vilifika bonde la Luapula kwa njia mbili kuu. Moja ilitoka mwambao wa Wareno: msafara wa Lacerda ulifika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, na ule wa Monteiro na Gamitto ukafuata mwaka 1831. Njia ya pili ilitoka Zanzibar na Kilwa. David Livingstone, aliyeliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, alimkuta katika mji wa Kazembe mfanyabiashara Mohammed bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Miongoni mwa bidhaa za misafara ya Zanzibar ilikuwamo merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo ilipata jina lake kwa Wamarekani walioileta. Nguo nyeupe ina sifa moja ambayo gome halina: huonyesha uchafu.

Ukoloni uliongeza mzigo. Misheni ya London Missionary Society ilianza kazi Mbereshi mwaka 1900, na Mabel Shaw akaanzisha huko shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915. Usafi wa mavazi ukawa alama ya ustaarabu mpya. Wakati huohuo vijana wa Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga, kisha ya Ukanda wa Shaba, wakarudi na mashati, suruali na magauni. Mwanaanthropolojia Karen Tranberg Hansen, katika utafiti wake juu ya watumishi wa nyumbani nchini Zambia, ameonyesha kwamba katika kipindi cha ukoloni kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanaume Waafrika, kufua na kupiga pasi kukiwamo. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu. Nguo zilipokuwa za mwajiri, zilifuliwa na mwanamume kwa mshahara. Nguo zilipokuwa za nyumbani, zilifuliwa na mwanamke na binti zake bila malipo. Kwa hiyo kufua hakukuwa kazi ya kike kwa asili yake. Kulikuwa kazi iliyogawanywa kufuatana na nani analipa.

Katika mwambao wenyewe mpangilio wa kazi ni rahisi kueleza. Nguo hubebwa katika beseni hadi ufukweni. Mfuaji huingia majini hadi vifundoni au magotini, huloweka, hupaka sabuni, husugua kwa viganja au juu ya jiwe, hupiga, husuuza kwa maji yasiyokwisha, hukamua na kuanika juu ya nyasi au mchanga. Hakuna maji yanayochotwa wala kumwagwa, na hakuna moto unaowashwa. Ziwa lenyewe ndilo pipa.

3.0 Muundo wa mashine

3.1 Mchi ndani ya pipa

Huko Ulaya ya kaskazini hali ilikuwa tofauti. Baridi iliwafungia watu ndani kwa miezi mingi, na maji ya moto yalihitajika ili mafuta ya mwili yatoke katika kitani na sufu. Kwa hiyo kazi ilihamia kwenye pipa lililowekwa karibu na jiko. Ndani ya pipa hilo mfuaji alitumia chombo ambacho msomaji wa kwetu atakifahamu mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa mchi. Ulikuwa mti mrefu wenye kishikio cha kukingama juu, na chini yake kigoda kidogo chenye miguu kadhaa. Mfuaji alikishika kwa mikono miwili na kukizungusha nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, na miguu ile ikazivuta nguo ndani ya maji ya sabuni. Tukisema kwamba mashine ya kwanza ya kufulia ilizaliwa kutoka kwenye kinu na mchi, hatutakuwa tumetumia sitiari tupu.

Hataza ya mwanzo inayotajwa kwa kawaida ni ya John Tyzacke, iliyotolewa Uingereza mwaka 1691. Hataza hiyo ilihusu mtambo wa kazi nyingi za kuponda na kupiga, na kufua nguo kulikuwa mojawapo tu. Hapa tena tunaona kufua kukihesabiwa pamoja na kazi za pigo. Mwaka 1752 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha picha ya mashine ya kufulia iliyokuja kuitwa Msichana wa Yorkshire. Jina hilo linafichua mengi: chombo kilitarajiwa kuchukua nafasi ya mtumishi wa kike, na kwa hiyo kikapewa jina lake.

Aliyeeleza muundo huo kwa undani zaidi ni Jacob Christian Schäffer wa Regensburg, Ujerumani. Alikuwa mchungaji na mwanasayansi wa viumbe, mtu aliyewahi kujaribu kutengeneza karatasi kutokana na mimea ya kila namna. Mwaka 1766 alichapa kitabu kuhusu mashine ya kufulia aliyoiboresha kutokana na habari za mashine za Kiingereza. Muundo wake una sehemu nne. Kwanza ni pipa la mbao lililosimama. Pili ni mfuniko unaolifunga pipa. Tatu ni mhimili wa wima unaopenya katikati ya mfuniko, ukiwa na vigingi chini. Nne ni mpini ulio juu, wa kuzungushia mhimili huo mbele na nyuma.

Sehemu inayostahili kutazamwa zaidi ni mfuniko. Mikono ya binadamu haiwezi kukaa ndani ya maji yanayokaribia kuchemka, wala haistahimili magadi makali kwa muda mrefu. Mfuniko wa Schäffer uliwatenganisha mfuaji na maji. Joto likahifadhiwa, mvuke ukabaki ndani, na mikono ikabaki nje. Wabunifu waliomfuata walisifu zaidi uchache wa nguvu zilizotumika, lakini kwa mtazamo wetu faida ya kwanza ya mashine hii ilikuwa umbali uliowekwa kati ya ngozi na maji. Tutalirudia jambo hili tutakapofika tena Kafutuma.

3.2 Kikapu kinachozunguka

Njia ya pili ilifunguliwa na Henry Sidgier wa London, aliyepata hataza mwaka 1782. Badala ya kuzizungusha nguo kwa vigingi, Sidgier aliziweka ndani ya kikapu cha fito za mbao kilicholazwa ndani ya sanduku la maji, kisha akakizungusha kwa mkono wa pembeni. Maji hupita kati ya fito. Nguo hupanda na kikapu hadi juu, kisha huanguka majini kwa uzito wake. Pigo sasa linatolewa na uzito wa nguo zenyewe. Mkono wa mfuaji unainua tu, na kuanguka kunafanya kazi ya kupiga. Mtu akitazama mashine ya umeme inayojazwa kutoka mbele, iliyomo leo katika nyumba za Lusaka au Nairobi, atakiona kikapu cha Sidgier kikiwa kimevikwa chuma.

Marekani ilichukua njia zote mbili. Nathaniel Briggs wa New Hampshire alipata hataza ya kufulia nguo mwaka 1797, lakini mchoro wake haupo, kwa kuwa moto wa mwaka 1836 uliteketeza kumbukumbu za ofisi ya hataza. James King alipata hataza ya mashine ya pipa la kuzunguka mwaka 1851, na Hamilton Smith akafuata mwaka 1858. Tatizo lililowasumbua wabunifu wa aina hii lilikuwa kusokotana kwa nguo. Kikapu kinachozunguka upande mmoja bila kukoma huzifunga nguo kama kamba, na maji hayapenyi tena. Dawa yake ilikuwa kugeuza mwendo, mizunguko kadhaa kwenda na kadhaa kurudi, jambo ambalo mkono wa binadamu ulilifanya kwa wepesi kuliko magurudumu yenye meno ya wakati ule.

3.3 Ubao, rola na soko

Pamoja na mapipa hayo vilikuja vyombo viwili vidogo ambavyo vilidumu kuliko mashine zenyewe. Cha kwanza ni ubao wa kufulia wenye mabati ya migongo, uliopata hataza Marekani mwaka 1833. Cha pili ni rola za kukamulia. Nguo nzito iliyolowa huchosha viganja na viwiko kwa kukamuliwa kuliko kwa kusuguliwa. John Turnbull wa Saint John, New Brunswick, aliunganisha rola na pipa la kufulia mwaka 1843, na tangu hapo mashine kamili ikawa na mikono miwili ya kuzungusha, mmoja wa kufua na mwingine wa kukamua.

Historia ya rola ina jina lisilopaswa kusahaulika. Ellen Eglin, mwanamke Mmarekani mweusi wa Washington, alibuni kikamulio cha nguo, na mwaka 1888 akakiuza kwa dola 18 tu. Alieleza baadaye kwamba wanawake weupe wasingekinunua kama wangejua kuwa kimebuniwa na mwanamke mweusi. Majina mengine yaliyotajwa hapo juu ni ya wanaume, na Schäffer alikuwa mchungaji. Eglin anaingia katika simulizi hii kama mbunifu na kutoka papo hapo, akiacha faida kwa mnunuzi.

Mwaka 1874 William Blackstone wa Indiana alitengeneza mashine ya pipa la mbao yenye vigingi ndani, mkono wa kuzungushia na magurudumu yenye meno. Inasimuliwa kwamba aliifanya iwe zawadi kwa mke wake. Kisha akaanza kuiuza kwa dola 2 na senti 50. Kwa mashine hiyo tunafikia chombo kinachoweza kununuliwa na kaya ya kawaida, na hapo ndipo tunapaswa kuuliza kilileta nafuu gani.

4.0 Kile muundo ulichokisahau

Mwanakemia wa Kijerumani Herbert Sinner alieleza mwaka 1959 kwamba usafi wa nguo hutegemea mambo manne: kemikali, joto, muda na nguvu ya mitambo au mikono. Ukipunguza moja, huna budi kuongeza mengine. Kanuni hii inatusaidia kuielewa mashine ya mkono bila kuitukuza. Vigingi vya Schäffer na kikapu cha Sidgier vinazipiga nguo kwa upole kuliko jiwe. Ili nguo zitakate vilevile, maji lazima yawe ya moto zaidi, sabuni iwe nyingi zaidi, au mkono uzungushwe kwa muda mrefu zaidi. Mashine ilipunguza nguvu kwa kuongeza kuni, sabuni na saa.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni maji. Mwanahistoria Susan Strasser ameonyesha kwamba katika Marekani ya karne ya 19 kufua mara moja, kuchemsha mara moja na kusuuza mara moja kulihitaji galoni 50 hivi za maji, yaani karibu lita 190. Maji hayo yana uzito wa karibu kilo 190, na yalichotwa, yakabebwa, yakainuliwa hadi jikoni, yakahamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, kisha yakamwagwa. Katika hesabu ya kwetu ni ndoo tisa hadi kumi za lita 20. Hakuna mbunifu kati ya tuliowataja ambaye hataza yake ilihusu ndoo. Mchoro wa mashine huonyesha pipa likiwa tayari limejaa, kana kwamba maji yalizaliwa humo.

Ndiyo maana mashine haikuwafikia waliofua zaidi. Mwaka 1881, miaka saba baada ya Blackstone kuanza biashara yake, wanawake weusi wafuaji wa Atlanta waligoma kwa maelfu, wakidai dola moja kwa kila ratili 12 za nguo. Waliendelea kuchota maji na kufua kwa mikono, wakati taifa lao lilikuwa limekwisha kuhifadhi hataza za mashine za kufulia kwa miaka 84. Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kazi za nyumbani, ameeleza kwamba vyombo vipya mara nyingi havikumpunguzia mwanamke saa za kazi. Vilipunguza jasho la hatua moja, viwango vya usafi vikapanda, na msaada wa wanaume, watoto na watumishi ukaondoka. Mabadiliko makubwa hayakuletwa na mpini. Yaliletwa na bomba la maji, mfereji wa maji machafu na umeme, yaani miundombinu ya mji ambayo hakuna kaya inayoweza kujinunulia peke yake.

Sasa tunaweza kulijibu swali la utangulizi. Mashine ya mkono isingekuwa nafuu kwa mwambao wa Mweru, kwa kuwa ingemwongezea mfuaji kazi tatu ambazo ziwa lilikuwa likimfanyia bure: kuleta maji, kusuuza na kumwaga. Mwanamke wa ufukweni aliyeendelea kufulia ziwani hakuwa ameachwa nyuma na maendeleo. Alikuwa amepiga hesabu sahihi ya jasho lake.

5.0 Kurudi Kafutuma: ziwa lenye gharama

Hesabu hiyo ya jasho, hata hivyo, haikujumlisha gharama zote, kwa kuwa moja kati yake haionekani kwa macho. Theodor Bilharz aliutambua mnyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya Miyairi na Suzuki huko Japani mwaka 1913, na Robert Leiper huko Misri mwaka 1915, kuonyesha kwamba konokono wa majini ndiye anayeukuza mnyoo huo kabla haujamfikia binadamu. Minyoo michanga hutoka katika konokono wakati wa mchana, huogelea, na hupenya ngozi iliyomo majini kwa dakika chache tu. Zambia, mkoa wa Luapula ukiwamo, ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huu. Mvuvi aliye katika mtumbwi hugusa maji. Mfuaji husimama ndani yake, katika kina kifupi chenye majani ambako konokono hupenda kukaa, kwa saa nyingi na mchana. Binti anayemsaidia mama yake husimama hapo tangu utotoni. Kwa wanawake, kichocho cha mkojo huweza pia kuathiri viungo vya uzazi, na maumivu yake mara nyingi hudhaniwa kuwa maradhi mengine. Tukiongeza mamba, ambao wenyeji wa Mweru hawahitaji kufundishwa habari zao, tunaona kwamba kusimama ziwani ndiyo sehemu ya kazi yenye gharama kubwa kuliko zote.

Kwa mtazamo huu, mfuniko wa Schäffer unapata maana mpya. Alichokitenganisha Regensburg kwa sababu ya joto, sisi tunahitaji kukitenganisha kwa sababu ya kichocho. Muundo uleule unaweza kutumikia lengo jingine, ikiwa utaanza na maswali ya mahali pengine. Mfano wa karibuni unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mhandisi Mwingereza Navjot Sawhney, baada ya kuishi kusini mwa India na kumwona jirani yake aitwaye Divya akichoshwa na kufua kwa mikono, alibuni mashine ya kuzungushwa kwa mkono, akaipa jina la jirani huyo. Mashine hizo zimepelekwa katika kambi za wakimbizi, zikiwamo za Iraq. Tunaona tena kikapu cha Sidgier, lakini safari hii jina la mashine ni la mfuaji, na mazungumzo naye yalitangulia mchoro.

Kwa mwambao wa Nchelenge, historia tuliyoieleza inatoa masharti manne ambayo muundo wowote unapaswa kuyatimiza.

Sharti la kwanza ni maji. Pipa liwekwe penye maji, karibu na kisima au pampu ya kijiji, au juu ya ufuko hatua chache kutoka ziwani, pasiwe nyumbani ambako ndoo kumi zitabebwa. Mashine ya mahali pamoja, inayotumiwa na kaya nyingi kwa zamu, inafaa kuliko ya kila nyumba. Mpango huo utalinda pia jambo ambalo mashine za Ulaya ziliua, yaani mazungumzo ya wafuaji, ambapo habari za kijiji hupatikana na wageni wa mahali hufundishwa.

Sharti la pili ni muda wa kutuliza maji. Minyoo michanga ya kichocho haiishi muda mrefu nje ya konokono. Maji ya ziwa yasiyo na konokono yakihifadhiwa kwa siku moja hadi mbili hupoteza hatari hiyo. Kwa hiyo tangi la kutulizia ni sehemu ya mashine, sawa na mpini. Tangi hilo lazima lifunikwe barabara, kwa kuwa Nchelenge inajulikana kwa ukali wa malaria, na haifai kumkimbia konokono na kumkaribisha mbu.

Sharti la tatu ni kukamua na kusuuza. Kusuuza ndiko kunakomvuta mfuaji kurudi ziwani hata baada ya kufulia pembeni. Pipa lisilo na tundu la chini la kumwagia maji, na lisilo na rola za kukamulia, litatumika nusu, na faida ya afya itapotea katika nusu iliyobaki.

Sharti la nne ni fundi. Kikapu cha fito, mhimili na vigingi vinaweza kutengenezwa na mikono inayotengeneza mitumbwi. Magurudumu ya chuma yenye meno hayawezi. Mchi ndani ya pipa, muundo wa zamani kuliko yote, ndio unaoweza kurekebishwa ufukweni bila kungoja kipuri kutoka Ndola au Lubumbashi.

Inabaki mada ya nani atazungusha mpini. Tumeona kwamba wanaume wa Zambia walifua kwa miongo mingi wakati kufua kulikuwa ajira. Mashine ya pamoja yenye malipo madogo inaweza kuwarudisha, na hilo lina pande mbili. Litapunguza mzigo wa wanawake, lakini laweza pia kuwanyima kipato wale wanaofulia wengine kwa malipo. Historia ya Ellen Eglin inatuonya kwamba chombo kinaweza kutoka mikononi mwa mfuaji kwa bei ndogo na kumnufaisha mwingine. Umiliki wa pipa unapaswa kuamuliwa kabla pipa halijaundwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia muundo wa mashine ya kufulia ya mkono kutoka kwenye mchi wa pipa hadi kikapu cha fito na rola za kukamulia. Tumeona kwamba wabunifu wake walikuwa mahodari katika kuutatua msuguano, na kwamba walinyamaza kuhusu maji kwa sababu maji yalibebwa na watu wengine. Kutoenea kwa chombo hicho katika mwambao wa Mweru kulitokana na uamuzi wenye mantiki wa wafuaji wenyewe, ambao ziwa lilikuwa likiwapa bure kile ambacho pipa lingewadai.

Mantiki hiyo ilikuwa sahihi kwa hesabu ya jasho. Kwa hesabu ya kichocho inahitaji kufikiriwa upya, na wa kuifikiria ni wafuaji, mafundi wa mitumbwi na wahudumu wa afya wakiwa wamekaa pamoja. Kwa upande wa Kiswahili, kazi yetu ni kuwapa maneno ya kuzungumzia: pipa, mfuniko, mhimili, kigingi, kikapu, rola, tangi la kutulizia. Maneno haya yote tayari tunayo. Kitenzi chetu kufua kimebeba pigo la jiwe kwa karne nyingi, na hakuna ubaya kikiendelea kulibeba, mradi anayefua awe amesimama juu ya nchi kavu.